Sufuria Tuliyoiacha Odesa

Kila mwaka, upepo wa kusi unapoanza kuvuma na mvua za masika zikauloanisha ua, hutokea jioni moja ambapo nyumba yetu ya Mombasa hunukia supu isiyokuwa ya kwetu. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva, mithili ya hina iliyokolea mkononi mwa bi harusi. Watoto wa jirani huchungulia jikoni na kutuuliza kama tunapika ama tunatia nguo rangi. Supu hiyo huitwa borshi, na kwao ni Ukraine. Hupikwa kwa nyama ya ng'ombe yenye mifupa, bitiruti, kabeji na viazi. Sisi tuliijua kwa njia ya aibu kabla ya kuijua kwa njia ya heri, na tumeona si uungwana kuwaelezea wasomaji wetu utamu wake bila kuwaelezea aibu hiyo.

Mwezi wa Novemba mwaka 2018 tulifunga safari kwenda Odesa, mji wa bandari ulio katika pwani ya Bahari Nyeusi, kusini mwa Ukraine. Tulikuwa watu watatu: wazazi wa kijana aliyekuwa akisomea udaktari huko, pamoja na shangazi yake aliyemlea tangu utotoni. Wakati huo vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakienda Ukraine kusomea utabibu, na wazazi wengi wa Pwani walikuwa na picha moja tu ya nchi hiyo akilini mwao, nayo ni picha ya baridi. Nasi tulikwenda na picha hiyo hiyo, na masweta ya kuazima, na sanduku moja zima la vyakula, kana kwamba tunakwenda mahali pasipo na jiko.

Tulifika kwa kupitia Istanbul. Jambo la kwanza lililotushangaza ni ufupi wa mchana. Katika mwezi ule jua la Odesa huzama baada ya saa kumi tu za alasiri, hata mtu aliyezoea Magharibi ya Mombasa hujiona ameibiwa siku yake. Alasiri na Magharibi zilikaribiana mno, na Alfajiri ilichelewa kiasi kwamba tuliamka, tukangoja, tukalala tena. Upepo wa baharini ulikuwa mkali wenye unyevu, ukipenya nguo tatu na kutulia mfupani.

Hata hivyo, kadiri tulivyotembea ndivyo mji ule ulivyozidi kufanana na kwetu. Majumba yake ya kale yamejengwa kwa mawe ya chokaa yaliyojaa makombe ya bahari, mawe yaliyochimbwa chini ya mji wenyewe mpaka yakaacha mapango marefu chini ya barabara. Tuligusa ukuta mmoja uliobanduka lipu, tukaona vijikombe vya kome vimekaa ndani ya jiwe, tukakumbuka kuta za matumbawe za Mji wa Kale na za Lamu. Watu wa pwani, kumbe, hujenga kwa kile ambacho bahari imewaachia.

Hata historia yake inatugusa. Kabla ya mji wa sasa kuasisiwa mwaka 1794 chini ya Malkia Catherine wa Urusi, mahali pale palikuwa na kijiji na ngome ya Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, na jina lake lilikuwa Khadzhibey. Asiyejua husoma herufi tu. Mwislamu husikia neno Haji ndani yake. Ngome hiyo ilitekwa mwaka 1789. Baadaye wakaja Wayunani, Wayahudi, Waitaliano, Waarmenia na wengine wengi, kila mmoja na mzigo wake na chungu chake, kama walivyokuja kwetu watu wa Hadhramauti, wa Oman na wa Kachi. Kutoka mjini mpaka bandarini hushukwa kwa ngazi mashuhuri za Potemkin, vidato 192. Tulizishuka kwa furaha na kuzipanda kwa kutaja jina la Mola. Chini tuliona meli zikipakia nafaka, na kijana wetu akatuambia kwamba ngano nyingine ya nchi ile hufika hadi bandari ya Mombasa. Hatukulitia maanani jambo hilo siku ile.

Kijana wetu alipanga chumba katika jumba la orofa nne lenye ua katikati. Mlango uliokabili wake ulikuwa wa mama mmoja mjane, mwenye umri uliopita miaka sabini, ambaye kijana alimwita babushka, yaani bibi. Tulikwisha kumsikia kabla hatujamwona. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia kijana wetu alishikwa na homa kali, akalala siku tatu hana wa kumpa maji, na mama yule ndiye aliyegonga mlango, akamkanda kwa kitambaa, akampa chai ya asali na kukaa naye. Sisi tulikuwa mbali, tukijua tu kwamba simu haipokewi. Kwa hiyo tulipofika tulikuwa na deni ambalo halikulipika kwa fedha.

Jioni ya pili ya kufika kwetu, bibi yule alibisha hodi. Mikononi alibeba sufuria iliyofunikwa kwa taulo, na mvuke ulikuwa ukitoka pembeni. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyejitayarisha siku nzima. Alisema maneno mengi, akatuwekea mezani, akatukumbatia mmoja mmoja, akaondoka ili atuache tule kwa raha. Tulipofunua tuliona supu ile nyekundu kwa mara ya kwanza. Harufu ilikuwa nzuri, hilo hatulikani. Lakini kijana wetu, ambaye alikuwa anajua desturi za huko, alinong'ona kwamba bibi huyu huponda thomu pamoja na salo, yaani mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, na kuyatia katika supu mwisho wa mapishi ili yaipe ladha. Ndivyo wapikavyo wengi katika nchi ile.

Hapakuwa na la kujadili kuhusu kula. Halali iko wazi na haramu iko wazi. Jambo lililotushinda lilikuwa namna ya kusema. Tulikaa tukiitazama sufuria ile mpaka mvuke ukakatika. Mmoja wetu alipendekeza tuimwage kimya kimya na kurudisha chombo kikiwa kimeoshwa, lakini tuliona huo ni uongo juu ya israfu. Mwingine alisema twende tukamweleze sote. Mwishowe tulifanya lililokuwa rahisi kwetu, na ndilo lililokuwa baya zaidi: tulimtuma kijana arudishe sufuria kama ilivyokuja.

Wasomaji wa Pwani wanajua kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hutiwa chochote, hata kama ni kipande cha mkate wa sinia au embe mbili. Sisi tulikirudisha kimejaa. Kimejaa kile kile alichotupa. Kijana alisimama mlangoni, akasema kwa Kirusi chake cha darasani kwamba wazazi hawali. Bibi aliipokea sufuria, akasema neno moja, akafunga mlango. Siku tatu zilizofuata tulimsikia akitembea ndani mwake na hatukumwona.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Tulikwenda Msikiti wa Al-Salam, ambao umo katika jengo la kituo cha utamaduni wa Kiarabu mjini Odesa. Hapo tulikutana na Waislamu wa kila namna: wanafunzi kutoka nchi za Kiarabu na Afrika, Waturuki wafanyabiashara, na Watatari wa Krimea. Upande wa wanawake tulikaa karibu na mama mmoja Mtatari aliyezungumza Kiingereza kidogo, na tulipomsimulia kisa chetu alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

Alituambia kwamba kwao pia borshi hupikwa, kwa nyama ya ng'ombe au ya kondoo, na hakuna salo wala hakuna haja ya salo. Supu haina dini, alisema. Mpishi ndiye mwenye dini. Kisha akatueleza habari za wazee wake. Mwezi Mei mwaka 1944 serikali ya Stalin iliwafukuza Watatari wote kutoka Krimea. Askari waligonga milango usiku wa manane, wakawapa muda mfupi wa kukusanya vitu, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Uzbekistan na kwingineko, na maelfu kwa maelfu walikufa njiani na katika miaka ya kwanza ya uhamisho. Bibi yake alibeba Msahafu na sufuria. Jamaa zake hawakurudi Krimea mpaka miaka ya mwisho ya utawala wa Kisovieti. Naye mwenyewe aliondoka tena baada ya Urusi kuitwaa Krimea mwaka 2014. "Katika nchi hii," alituambia, "jirani anayekuletea chakula si jambo dogo. Nyinyi mmekataa mafuta, na mmefanya sawa. Lakini hakikisheni kwamba hamkumkataa na yeye."

Tulirudi nyumbani tukitembea polepole. Sote tuliyajua mafundisho ya Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliyomuusia Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke majirani zake. Tumelisikia jambo hilo katika darsa mara nyingi, na kila mara tulijiona sisi ndio watoaji. Hatukuwahi kufikiri ni adabu ipi inamfaa yule anayepokea, hasa anapopokea asichoweza kukila.

Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda soko la Pryvoz. Soko hili lipo tangu mwaka 1827, na jina lake lina maana ya kuletwa, kwa kuwa lilianza kwa bidhaa zilizoletwa mjini kwa mikokoteni. Mtu wa Mombasa hahitaji mwenyeji ndani ya Pryvoz. Kelele ni zile zile za Kongowea, na wauzaji nao wanajua kukuita kwa sauti ya upole na kukupunja kwa mkono wa upole. Palikuwa na safu za samaki wa Bahari Nyeusi, mapipa ya matango na kabeji za kuchachuka, vilima vya maboga, jibini nyeupe ambayo akina mama waliikata na kutuonjesha kwa ncha ya kisu. Bitiruti zilikuwa bado na udongo mweusi, udongo ule maarufu wa Ukraine uliolisha mataifa. Tulinunua mboga zote alizotutajia mama Mtatari. Nyama tuliinunua kwa mchinjaji Mwislamu tuliyeelekezwa msikitini. Mwisho tulinunua sufuria mpya ya lita saba, nzito, yenye kifuniko.

Tuligonga mlango wa bibi tukiwa sote wanne, na safari hii kijana alikuwa mkalimani tu. Tulimwambia kwamba tulikosea. Tulimweleza kwamba dini yetu haituruhusu kula nguruwe, wala mafuta yake, na kwamba hilo hatuwezi kulibadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini kuja kulisema wenyewe tungeweza, nasi hatukufanya hivyo. Kisha tukamwonyesha sufuria na nyama na bitiruti, tukamwomba atufundishe kupika supu yake katika chombo ambacho hakijaguswa na kitu.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo tunalirudia mbele ya watoto wetu. Alisema hakuudhika kwa sababu ya salo. Alipokuwa mtoto, katika ua ule ule waliishi Wayahudi ambao nao hawakula nguruwe, na mama yake aliweka chungu cha pembeni kwa ajili yao. Aliudhika kwa sababu aliona tumemtuma mtoto. Alidhani tumeona nyumba yake ni chafu.

Baada ya hapo alivaa aproni, akaosha mikono mpaka viwiko, akakifuta kibao chake na kukiweka kando mwenyewe, akaomba chetu.

Alianza na nyama. Alitia kilo moja na nusu ya nyama ya kifua yenye mifupa katika maji baridi yapata lita nne, akaiweka motoni, na povu lilipopanda akaliengua kwa subira mpaka maji yakatakata. Hapo ndipo alipotia kitunguu kizima kilichomenywa, karoti moja, punje za pilipili manga na majani mawili makavu ya kunukia, akapunguza moto. Kwa saa mbili supu ile ilitokota tu kwa kupiga vijitone, haikuchemka kwa fujo, kwa sababu, alisema, supu inayochemka kwa hasira hutoka na uso wa matope.

Wakati nyama ikiendelea kulainika alituonyesha siri ya rangi. Bitiruti tatu za wastani zilimenywa na kukatwa vipande vyembamba kama njiti za kibiriti. Alizikaanga taratibu kwa mafuta ya alizeti pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha siki na kijiko cha chai cha sukari, akaongeza nyanya ya kopo vijiko viwili na kikombe cha supu, akafunika. Siki ndiyo inayoihifadhi rangi. Bila ya uchachu, wekundu wa bitiruti hufifia jikoni na supu huwa ya kahawia. Katika kikaango kingine alikaanga kitunguu na karoti iliyokwaruzwa mpaka vikawa laini na vitamu.

Kisha ukaja mpangilio, nao ndio uliokuwa somo lenyewe. Nyama ilipoiva aliitoa, akaitenga na mifupa, akaikata na kuirudisha. Alitia viazi vinne vilivyokatwa vipande, akavingoja vikaribie kuiva. Ndipo akatia kabeji iliyokatwa nyembamba, robo ya kabeji kubwa. Ndipo, mwisho kabisa, zile bitiruti zenye siki pamoja na vitunguu. Tulimwuliza kwa nini asitie vyote pamoja, akatujibu kwamba kiazi kikikutana na uchachu kabla hakijaiva hukaa kigumu hata ukipike mpaka usiku. Kila kimoja kina zamu yake. Baada ya dakika kumi alizima moto. Mahali pa salo aliponda punje nne za thomu kwa chumvi peke yake, akazitupia ndani pamoja na majani ya shibiti yaliyokatwakatwa, akafunika sufuria na kutukataza kuigusa kwa nusu saa. Hata hivyo, alisema, borshi ya leo ni mazoezi. Borshi ya kweli ni ya kesho, ikishalala na kuamka.

Tulikula mezani kwake, tukatumia bakuli tulizokwenda nazo, naye akachukua mojawapo badala ya yake. Kila bakuli alilivika kijiko cha smetana, malai mazito yaliyochachuka kidogo, na weupe ule ukaanza kuyeyuka katika wekundu mpaka supu ikawa na rangi ya waridi. Kando yake tulikuwa na mahamri tuliyokuja nayo kutoka nyumbani na kuyapasha moto. Kwao supu hii huliwa na pampushki, mikate midogo iliyopakwa thomu, lakini bibi alilichovya hamri lake la iliki katika borshi na kufumba macho. Aliokota kila chembe iliyoanguka mezani, akatueleza kwamba mama yake alinusurika njaa kuu ya mwaka 1932 na 1933, wakati serikali ya Kisovieti ilipowanyang'anya wakulima nafaka yao na mamilioni wakafa juu ya udongo mweusi wenye rutuba kuliko wote. Tangu hapo katika nyumba yao hakuna mkate uliowahi kutupwa. Tulitazamana, kwa sababu nasi tulilelewa kuokota chembe ya mkate na kuiweka mahali pa juu.

Siku zilizobaki, mlango wake na wetu haikufungwa mchana. Tulipoondoka tulimwachia jozi ya leso na kopo la iliki. Sufuria tulitaka kuichukua, lakini aliikumbatia. Akasema ibaki, na kwamba hakuna nguruwe atakayeingia humo; itakuwa sufuria ya wanafunzi Waislamu wa ngazi ile, maana baada ya kijana wetu wangekuja wengine. Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mitatu kijana wetu alitutumia picha za sufuria ile, pembeni yake vijana wa Kisomali, wa Morocco, wa kwetu, kila mmoja na kijiko. Bibi aliinunulia nyama kwa yule mchinjaji tuliyemwonyesha.

Kijana wetu alihitimu mwaka 2021 akarudi nyumbani. Tarehe 24 Februari mwaka 2022 vita vikaanza. Wanafunzi walikimbia kuelekea mipaka ya magharibi kwa mabasi na kwa miguu, bandari ya Odesa ikafungwa, na ile ngano tuliyoiona ikipakiwa bila kuitia maanani ikakwama. Huku kwetu bei ya unga wa ngano ikapanda, mahamri yakapungua ukubwa katika kila mtaa, na tukafahamu jinsi udongo ule mweusi ulivyokuwa karibu na sinia zetu. Tarehe 1 Julai mwaka huo UNESCO iliuandikisha utamaduni wa kupika borshi ya Ukraine katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mataifa jirani pia wanayo borshi yao, na ubishi wa nani mwenyewe ni mrefu. Lakini orodha ile ilitukumbusha kwamba mapishi hayafi kwa kukosa bitiruti, hufa kwa kutawanywa watu wanaokaa pamoja mezani.

Bibi hakuondoka. Kwa umri wake, alisema, hana magoti ya ukimbizi. Ujumbe wake ulikuja kwa nadra, kupitia simu ya mjukuu wake. Mwezi wa Disemba mwaka ule, umeme wa Odesa ulipokatwa kwa mashambulizi na mji ukakaa gizani kwa siku kadhaa, alituletea maneno ambayo kijana wetu alitusomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti yake haikutosha. Watu wa jumba lile walikuwa wakipika uani kwa kuni, sufuria moja kwa wote, na sufuria iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa yetu. Aliitoa. Nyama haikuwepo, hivyo walipika kwa bitiruti, kabeji na maharage. Lakini alitaka kutuomba radhi kwa kuitumia bila idhini, na kutuhakikishia kwamba alisimama kando yake muda wote, na mtu mmoja alipokuja na kipande cha salo akamrudisha. "Nilimwambia hii ni sufuria ya watu," aliandika. "Wakirudi, wataikuta safi."

Tulimjibu kwamba sufuria ni yake, na kwamba wenye njaa hawaombi idhini. Lakini tulijua kwamba hatujawahi kuweka amana ya mtu kwa uangalifu wa namna ile.

Basi, kwa dada zetu watakaotaka kuijaribu: bitiruti za Kongowea zinafaa sana, chagua ndogo zilizo ngumu. Majani ya shibiti yakikosekana, kotmiri itatosha, ingawa ladha itahamia Mombasa. Mahali pa smetana tumia mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa. Ukikosa siki, kamua ndimu. Na usishtuke asubuhi yake msalani ukiona wekundu. Kwa baadhi ya watu ni rangi ya bitiruti tu inayotoka, wala si ugonjwa.

Ikishaiva, iache ilale usiku mmoja. Siku ya pili ongeza maji kidogo, ipashe moto, jaza bakuli la kwanza na umpelekee jirani, akiwa ni wa dini yako au asiwe. Muulize kwanza anakula nini na hali nini. Na siku atakapokuletea yeye kitu usichoweza kukila, usimtume mtoto. Vaa buibui lako, uende mwenyewe.